Pizza ya koliflawa iliyokataliwa mara tatu: kutoka chicha hadi ukoko

Mama mmoja wa Dar es Salaam ana watoto wawili wanaochagua chakula, msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 5. Wanachokubali kinahesabika: wali, chapati, chipsi, kuku, ndizi mbivu, na pizza isiyo na kitu cha kijani juu yake. Mchicha husukumwa pembeni ya sahani. Karoti huokotwa moja moja kwenye wali na kupangwa mezani. Kwa kuwa pizza wanaipenda, mama akaamua kuwatengenezea pizza ambayo mkate wake wenyewe ni mboga. Alichagua koliflawa kwa sababu ni nyeupe, na kwenye picha za mtandaoni pizza yake haina tofauti na ya unga.

Katika wiki sita aliioka mara tatu, na mara zote tatu ilirudi jikoni karibu nzima. Mara ya nne ililiwa, ingawa si na wote kwa kiasi kimoja. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila jaribio lilitibu kosa moja likazaa jingine, na makosa hayo ndiyo yanayoharibu mkate wa mboga katika majiko mengi.

Majaribio matatu yalivyokwenda

Mara ya kwanza koliflawa ilikatwa vipande vikubwa, ikachemshwa dakika 15 kwenye sufuria iliyofunikwa, ikamwagwa maji kwa chujio na kupondwa kwa mwiko. Ikaongezwa yai 1, vijiko 2 vya unga wa ngano na jibini kidogo. Mchanganyiko ukatandazwa juu ya foili, na hapohapo ukapakwa sosi, ukawekwa jibini na vipande vya nyanya mbichi, ukaingizwa kwenye oveni ndogo ya mezani iliyokuwa ndiyo kwanza imewashwa. Baada ya dakika 25 jibini la juu lilikuwa limeiva vizuri, lakini chini ulikuwa uji ulioganda kwenye foili.

Watoto waliambiwa ni pizza ya kawaida. Msichana alishika kipande chake ukingoni, akakiinua. Ncha ikalala, jibini likateleza lote likaangukia sahani, na mkononi kikabaki kitu cheupe kilichokuwa kikidondosha maji. Akakinusa. "Mama, mbona hii pizza inanuka kabichi?" Mdogo wake alikuwa akimtazama dada yake muda wote, hakukigusa chake kabisa.

Mara ya pili mama alihukumu kwamba tatizo ni kushikana, akaweka mayai 3 na kikombe kizima cha unga wa ngano, gramu 120 hivi. Kushikana ilishikana, ila kilichotoka kilikuwa kizito, kama mpira ukingoni na kibichi katikati, chenye ladha ya chapati ya mayai na ileile harufu ya kabichi juu yake.

Mara ya tatu alikaribia sana. Aliikamua koliflawa kwa kitambaa, akarudi kwenye yai 1, oveni akaipasha kwanza. Lakini bado alipaka sosi juu ya mkate mbichi na kuoka vyote pamoja. Mkate ulishika umbo, ila ulikuwa laini kama kitumbua kilicholowa chai. Na kufikia hapo jambo jingine lilikuwa limeshaharibika: watoto walikataa kabla ya kuonja. Walikuwa wameshadanganywa mara mbili kwa pizza isiyo pizza, na njia ya mwongo ni fupi.

Dalili ilikuwa mezani siku zote

Watoto hawahawa hugombania ukoko wa wali. Mama mwenyewe alilitaja hilo kama jambo lisilohusika, lakini ndilo lililofungua kisa. Mtoto anayependa ukoko, chipsi kavu na ukingo wa chapati amekwisha kusema anataka nini kinywani: kitu kikavu, chenye kukwaruza kidogo, kinachovunjika kwa sauti. Watoto wengi wachaguzi hukataa chakula kwa kinavyohisiwa kinywani na kwa harufu yake, si kwa ladha tu. Mkate wa pizza unaoteleza umeshashindwa hata kama ndani yake hakuna mboga.

Ukoko wenyewe unaeleza kinachotakiwa kufanyika. Maji yakiwepo kwenye sufuria, chakula hakipandi joto kupita nyuzi 100. Pale chini tu, ambako maji yamekwisha, joto hupanda. Uso ukipita nyuzi 140 hivi ndipo inapokuja rangi ya kahawia na harufu ya kitu kilichookwa. Wali wa juu uliobaki na unyevu haugeuki ukoko hata ukae motoni usiku kucha.

Koliflawa mbichi ni maji kwa asilimia 92 hivi. Katika gramu 650 za maua yake, karibu gramu 600 ni maji na 50 tu ndizo kitu chenyewe. Unga wa pizza wa kawaida, gramu 300 za ngano na 180 za maji, una maji chini ya nusu, na una glutini, ule utando wa protini unaozaliwa unga unapokandwa na kuufanya mkate uvutike bila kukatika. Koliflawa haina utando huo. Kwa hiyo kazi ni mbili: kutoa maji, halafu kuweka kitu kingine kitakachobeba umbo. Mara mbili za kwanza mama alianza na ya pili, na ndiyo maana unga na mayai yaliongezeka bila faida.

Unga wa ngano ukimwagwa kwenye mboga yenye maji mengi haugeuki mkate. Haujakandwa, hauna hamira, na wanga wake ukipata joto hunywa yale maji na kuvimba kuwa gundi. Gundi hiyo inashika maji ndani na kuyazuia kutoka. Ndiyo ule ubichi wa katikati wa jaribio la pili. Hata kuuongezea nusu saa kwenye oveni kusingeutoa.

Lengo lilikuwa lipi?

Hapa pana jambo ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayalisemi. Mkate wa koliflawa ulienezwa na watu wanaokwepa ngano au wanga: wenye ugonjwa wa siliaki, ambao glutini huwadhuru utumbo, na wanaopunguza wanga kwa sababu zao. Mengi ya mapishi yao hukataza unga. Katika nyumba hii hakuna aliyekatazwa ngano wala wanga. Kilichotakiwa ni watoto wale mboga. Mama alikuwa amebeba masharti ya watu wengine. Kumruhusu vijiko 3 vya wanga wa mahindi kulirahisisha kazi nusu nzima.

Na ni mboga kiasi gani hasa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 350. Mkate mmoja uliotoka kwenye gramu 650 za koliflawa ukikatwa vipande sita, kila kipande kimebeba koliflawa ya gramu 108. Si yote inabaki, maana kinachokamuliwa huondoka na sehemu ya vitamini C na potasiamu. Hata hivyo vipande viwili ni mboga nyingi kwa mtoto ambaye kwa kawaida hali hata kijiko. Maji ya kukamua yasimwagwe. Yanafaa kabisa kwenye supu ya nyama au mchuzi wa maharage.

Harufu

Msichana hakukosea pua. Koliflawa ni ukoo mmoja na kabichi na brokoli, na ukoo huo una viambato vya salfa vinavyoachiliwa mboga inapokatwa na kupikwa. Kadiri inavyopikwa ndivyo vinavyozidi, na dakika 15 ndani ya sufuria iliyofunikwa ni muda wa kutosha kuijaza nyumba. Watoto wanaihisi zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2021 watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi la Australia, walionyesha kwamba bakteria wa mate ya binadamu huizidisha harufu hiyo ya salfa mdomoni, kwa viwango tofauti mtu na mtu, na watoto ambao mate yao huizalisha kwa wingi ndio walioichukia zaidi mboga ya jamii hii. Mtoto anayesema inanuka huenda ananusa kitu ambacho mama yake hakinusi. Kumgombeza ni kumwonea.

Dawa yake ni tatu kwa pamoja. Inunuliwe koliflawa mpya, nyeupe, iliyofumbana, ambayo majani yake bado yanavunjika kwa mlio. Ile inayoshuka sokoni kutoka Lushoto huanza kuwa ya njano na kunuka ikikaa siku mbili tatu kwenye joto la pwani. Ipikwe muda mfupi, bila kufunikwa kabisa. Na ndani ya mkate uwepo chumvi ya kutosha na jibini kali kidogo, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu ulimini kuliko sukari inavyouficha.

Jaribio la nne, kwa vipimo

Kwa duara moja la sentimita 28, au mstatili wa 30 kwa 20 kwa oveni ndogo za mezani:

- maua ya koliflawa gramu 650 (koliflawa moja ya kilo 1 na majani yake)
- yai 1 la gramu 50. Mayai ya kienyeji ni madogo, ongeza ute wa jingine
- jibini la mozzarella la kukuna, lile gumu la pakiti, gramu 50
- jibini gumu lililokomaa, kama parmesan au cheddar ya zamani, gramu 20
- wanga wa mahindi, ule wa kukazia mchuzi na kastadi, gramu 30 (vijiko 3 vya chakula)
- chumvi nusu kijiko cha chai
- oregano kavu nusu kijiko cha chai, kama watoto wameizoea kwenye pizza ya dukani

Koliflawa inakunwa mbichi kwenye matundu makubwa ya kikunio, ifanane na mchele uliovunjika. Ukisaga kwenye blenda mpaka ilainike umeipoteza. Ikiwa tope haikamuliki, inapenya kitambaa. Mashina magumu yawekwe kando kwa supu.

Baada ya hapo ni mvuke dakika 4 tu, kwenye chujio la chuma juu ya maji yanayochemka, huku ukiigeuza mara moja. Mvuke huu unavunja kuta za chembe za mboga ili ziachie maji. Mbichi ukiikamua hata kwa mikono ya mvuvi hutapata nusu ya maji yake. Ikitoka, imwagwe kwenye trei au sinia pana na kutandazwa dakika 10 ipoe. Moshi unaopaa pale ni maji yanayoondoka bure, na sehemu ya harufu huondoka nayo.

Kisha kukamua, na hapa ndipo penye kisa chote. Kitambaa kiwe cha pamba chenye nyuzi nene. Shashi nyepesi huchanika. Mwenye kifumbu cha kukamulia tui anacho chombo bora kuliko vyote, mradi kioshwe kisibaki na mafuta ya nazi. Igawe koliflawa mara mbili au tatu, usikamue yote kwa mkupuo. Sokota, kamua, ifumue kwa vidole, kamua tena. Anayejua kukuna nazi anajua ishara: kinachobaki kiwe kama chicha, kikavu, kinachomwagika kwa punje punje, kisichoacha unyevu kiganjani ukikifumbata. Wengi huacha mapema kwa sababu matone yamepungua. Matone hupungua kwa sababu mkono umechoka.

Mizani inaondoa ubishi. Gramu 650 zibaki 260, yaani asilimia 40 ya uzito wa mwanzo. Katika jaribio la tatu mama alipopima baadaye kwa mkono uleule alipata gramu 390, asilimia 60. Tofauti ya gramu 130 ni zaidi ya nusu kikombe cha maji ambayo oveni ndogo ililazimika kuyageuza mvuke kabla haijaanza kuoka chochote. Kwa nambari hiyo moja alielewa zaidi kuliko kwa maelezo yote.

Changanya chicha hilo na jibini, wanga, chumvi na oregano kwanza, yai mwisho. Mchanganyiko utaonekana mkavu, ukitaka kumeguka. Usiongeze yai la pili. Ute na kiini huganda kati ya nyuzi 60 na 75 na kushika punje pamoja, jibini linayeyuka na kujaza nafasi, wanga unameza unyevu uliobaki. Kila kimoja kina kazi yake na kiasi chake. Yai likizidi unapata chapati ya mayai. Jibini likizidi mkate unatoka na mafuta na kulegea ukiwa wa moto. Jibini bichi la mozzarella linalouzwa ndani ya maji lisitumike hapa kabisa, maana zaidi ya nusu yake ni maji. Unga wa muhogo wa ugali nao si badala ya wanga: una nyuzi na rangi ya kijivu, na ule uliovundikwa una harufu yake.

Trei ipashwe ndani ya oveni kwa nyuzi 220 kwa dakika 20 nzima. Taa ya oveni ndogo ikizima haimaanishi chuma kimeshika moto. Tandaza mchanganyiko juu ya karatasi ya kuokea iliyopakwa kijiko 1 cha chai cha mafuta, unene wa milimita 6 katikati na 8 ukingoni, kwa kuwa ukingo huungua kwanza. Bonyeza sana kwa kiganja au chini ya sahani; ukiacha matundu, hapo ndipo utakapokatikia. Foili isitumike, inashika. Karatasi ya nta nayo inayeyusha nta yake kwenye chakula. Hamishia karatasi juu ya trei ya moto.

Oka dakika 18 hadi 20 kwenye rafu ya chini, karibu na waya za moto, mpaka ukingo uwe wa kahawia na katikati pawe na madoa ya dhahabu. Funika kwa karatasi nyingine, geuza juu chini, oka dakika 6 hadi 8 zaidi. Halafu, na hii ndiyo hatua iliyokosekana mara zote tatu, utoe mkate mtupu na kuuweka juu ya wavu wa waya dakika 5. Ukiuacha kwenye trei au sahani, mvuke wake wenyewe unaulowesha chini. Hukumu yake ni ya mkono: ukishika kipande ukingoni, ncha yake ibaki imenyooka ukihesabu mpaka tatu. Ikilala, rudisha dakika 4 kabla ya kuweka chochote.

Juu yake pazidi kuwa pakavu kuliko pizza ya unga. Nyanya gramu 400 zichemshwe na kitunguu saumu na chumvi mpaka zibaki gramu 150 hivi, kijiko kikipita chini ya sufuria kiache njia. Tumia vijiko 3 tu, jibini gramu 80, na kuku aliyekwisha iva ukipenda. Nyanya mbichi, uyoga mbichi na pilipili hoho nene hutoa maji, mkate huu hauna pa kuyapeleka. Rudisha juu kabisa ya oveni, nyuzi 240, dakika 6. Ukate baada ya dakika 3.

Wasio na oveni wanaweza kupalia moto juu na chini kama kwa mkate wa kumimina, lakini tahadhari ni moja: kifuniko kinatoa jasho na kulidondoshea mkate. Njia salama zaidi ni chuma cha chapati, bila kufunika, moto wa wastani, vimkate vya sentimita 15, dakika 6 kila upande, kisha funika dakika 2 tu za mwisho kuyeyusha jibini.

Kuwaambia ukweli

Kabla ya jaribio la nne mama aliwaambia watoto: "Hii ni pizza ya koliflawa. Na nyingine ya unga ipo, ndogo." Zote mbili zikawekwa mezani. Wapo wanaoona kuficha mboga ni werevu, na kwa mtoto asiyejua inaweza kupita. Kwa mtoto aliyekwisha kugundua, kila chakula cha mama kinakuwa mtihani. Huyu wa miaka 5 alikuwa ameanza kufunua chapati zake kukagua ndani. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, ana mgawanyo wa kazi unaofaa hapa: mzazi anaamua kitaliwa nini, lini na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Woga wa chakula kipya huwa mkali hasa kati ya miaka 2 na 6, na mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Kuona tu mezani bila kushurutishwa nako ni kukutana.

Kwa Kiswahili kuna msaada mdogo ambao familia hii iliutumia bila kupanga. "Mboga" nyumbani ni chochote kinacholiwa na ugali au wali, hata samaki na nyama. Mtoto akiuliza leo mboga gani, anauliza swali la kawaida, na "pizza ya koliflawa" halikuwa jibu la kutisha kama "leo utakula mboga za majani".

Kilichotokea

Msichana alikiinua kipande kama mara ya kwanza, akakitazama ncha. Haikulala. Akala ukingo kwanza, akasema "kama ukoko", akamaliza, akala na cha pili. Baba, ambaye naye hushika mboga kwa ncha za vidole, alikula vitatu na pilipili. Mvulana alilamba jibini, akavunja ukingo kote kuzunguka kipande chake, akala ukingo wote na kuacha katikati.

Kwa huyu mdogo mama alifungua njia ya pili: unga wa ngano uliokandwa kwa boga. Boga lenye nyama kavu ya rangi ya chungwa liokwe na ganda lake kwa nyuzi 200 dakika 40, lisichemshwe, lipondwe na kupoa mpaka lisichome kidole, maana joto la nyuzi 55 na zaidi linaua hamira. Gramu 200 za boga hilo kwa gramu 300 za unga wa ngano, hamira kavu kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta kijiko 1 cha chakula. Maji hayaongezwi. Boga lililookwa bado lina maji ya asilimia 85 hadi 88, yaani gramu 170 hivi, na hayo ndiyo maji ya unga. Wengi huharibu hapa kwa kumimina maji kwa mazoea, unga unakuwa rojo, wanaongeza ngano, na boga linabaki jina. Kanda dakika 10. Dakika 3 za kwanza unga utaonekana hautoshi kushikana, vumilia. Joto la Dar linauumusha kwa dakika 45 hadi 60. Unatoa mikate miwili ya sentimita 26, inayookwa na vitu vyake juu kwa nyuzi 240 dakika 10 hadi 12. Huu una glutini, kwa hiyo sosi juu ya unga mbichi si kosa.

Isemwe wazi kwamba mkate wa boga una mboga kidogo, gramu 100 kwa pizza nzima, gramu 17 kwa kipande. Thamani yake kwa mvulana huyu ni kuzoea rangi ya chungwa na utamu wa boga ndani ya kitu anachokiamini. Alikula bila mashaka tangu siku ya kwanza, akijua ni boga.

Mboga nyingine zilijaribiwa kwa haraka. Kabichi ni rahisi bei na inakamulika, lakini harufu yake ni kali zaidi na nyuzi zake lazima zikatwe fupi mno. Mamumunye machanga yana maji hata kuliko koliflawa. Yakunwe, yatiwe chumvi dakika 30 kabla ya kukamua, na chumvi ya mkate ipunguzwe. Karoti ni tamu na huungua kabla ya kukauka, kwa hiyo nyuzi 190 zinatosha. Mchicha uliachwa: kwa watoto hawa rangi ya kijani ni vita nyingine.

Na koliflawa kwa mvulana wa miaka 5? Alikuwa amekwisha kusema anachotaka: ukingo. Sasa mchanganyiko uleule unagawanywa vimkate 10 vya gramu 40, upana sentimita 10, unene milimita 5 sawasawa, vitano kwa trei moja vikiachana vidole viwili ili mvuke upite. Dakika 14 upande mmoja, 4 upande wa pili, jibini kidogo sana, dakika 3. Katika duara dogo namna hiyo katikati karibu hakuna. Alikula vinne, na cha tano akaenda nacho nje.